Kitanda cha Bure Nje ya Geti

Upendo, binti anayekalia kiti changu siku hizi kule ofisini Mwanjelwa, Mbeya, alinipigia simu juzi mchana. Shikamoo yake ilikuwa ya mbio. "Shangazi, kuna walimu wanataka kwenda Ruaha kuona wanyama. Walale ndani ya hifadhi au nje ya geti, wapi nafuu?" Nikamwambia asubiri niepue maharage. Nilipoepua nikakuta bado yuko hewani, na jibu ameshajipa mwenyewe. "Nimeangalia kwenye simu, Shangazi. Nje ni nusu bei." Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuona nina mgeni gani.

Sikumcheka yeye. Nilijicheka mimi, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema, tena kwa sauti kubwa zaidi, na yalinigharimu mabati ya chumba cha uani.

Basi nimeona niandike, ili Upendo na ninyi wenzake mnaoirithi kazi hii msome mara moja, mniache nipalilie nyanya zangu hapa Ipogolo, Iringa, kwa amani. Miaka ishirini na saba nimepangia watu safari. Si watalii wa Ulaya, hao wana wenyewe. Wa kwangu walikuwa wanafunzi, kwaya, vikundi vya vikoba, wakulima wa tumbaku waliouza vizuri mwaka huo. Watu wanaotaka kumwona tembo na kurudi nyumbani na chenji.

Silaha yangu ilikuwa daftari. Kila safari ilipata ukurasa, na kila ukurasa niliupiga mstari katikati: kushoto NDANI, kulia NJE. Ndani kuna hosteli ya hifadhi, mabanda, na sehemu za kupiga hema. Nje kuna gesti za kijijini, kambi za watu binafsi, na nyumba za makanisa. Ukiangalia bei ya kitanda peke yake, upande wa kulia unashinda kila siku, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukufanyia hesabu hiyo. Wewe unalipwa kwa hesabu ya vile visivyoandikwa kwenye kibao cha gesti.

Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kitanda cha dereva. Nilikuwa na wanafunzi arobaini, walimu wanne, vitanda arobaini na vitano pamoja na changu, na nikajisifu kwamba hakuna hata kimoja kilichobaki. Dereva wetu, Mzee Sanga, hakusema neno. Alilala kwenye kiti cha basi magoti yakiwa kidevuni. Kesho yake tukirudi, akafika hapa hapa Ipogolo, akaegesha pembeni ya barabara kuu, akatandika turubai chini ya basi akalala saa mbili na nusu. Wanafunzi waliishiwa maji, wakaishiwa biskuti, wakaanza kuimba. Alipoamka akajipangusa vumbi, akaniambia, "Dada, dereva naye ni abiria, ila yeye ndiye anashika usukani." Tangu siku hiyo kitanda cha dereva huandikwa mstari wa kwanza, kabla hata ya mwalimu mkuu.

Huyo Mzee Sanga alikuwa Mkinga wa Makete. Wakinga wanasifika kwa biashara, yeye alisifika kwa kunyamaza. Akikupa sentensi moja kwa siku umepata. Siku moja alinikuta nakuna kichwa juu ya daftari, naongeza na kupunguza bei za vitanda, akasimama nyuma yangu kama mkaguzi. "Unahesabu vitanda," akasema. "Vitanda ukishafumba macho vyote ni sawa. Hesabu asubuhi."

Nikamwomba anifafanulie, na kwa kuwa alikuwa ameshatumia sentensi zake za siku, nilingoja mpaka kesho. Alichomaanisha ni hiki. Wanyama hutembea alfajiri. Ikifika saa nne jua limekuwa kali, wameingia vichakani, na mtapita mnaona miti. Aliyelala ndani anaamka akiwa tayari yuko kwao. Aliyelala nje anaamka, anatafuta chai, anamtafuta mwenzake aliyekwenda kununua vocha, anakwenda getini, anapanga foleni ya vibali, na asubuhi imeshaliwa. Halafu kuna kibali chenyewe: siku zetu kilikuwa cha saa ishirini na nne, lakini ukitoka kwenda kulala nje na kesho ukataka kurudi, unalipa upya. Ongeza mafuta ya kwenda na kurudi getini kwenye barabara ya mawe. Ulizeni kanuni za sasa, hizo hubadilika, lakini tabia ya tembo haibadiliki.

Niliyaandika yote hayo kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Halafu sikuyafuata, kama mnavyofanya ninyi na haya ninayoandika.

Wala msije mkadhani nasema ndani ndiyo jibu la kila mtu. Kuna mchimbaji mmoja wa Chunya alipata jiwe lenye dhahabu, akaja ofisini na buti bado zina vumbi jekundu. Alitaka kuwapeleka wakwe zake hifadhini, watu wanane. "Nipe pa bei kuliko pote," akasema. "Nataka nikifungua dirisha nimwone kiboko." Nikampa nyumba ya ndani kabisa, kando ya mto. Kiboko hakumwangusha. Jioni ile ile alikuja kula majani chini ya dirisha, na mnajua anavyotafuna. Asubuhi Mzee Sanga alipokwenda kuwachukua aliwakuta wote wanane ndani ya Noah, vioo vimepandishwa hadi juu, baba mkwe amekaa kwenye breki ya mkono. Walikuwa wamelipa bei ya ikulu wakalala kwenye gari. Aliniomba nisimwambie mtu, ndiyo maana jina lake sijalitaja. Lakini toka hapo, kabla ya kumuuliza mteja ana shilingi ngapi, namuuliza anaogopa nini.

Sasa nije kwenye mabati yangu.

Kulikuwa na kwaya ya akina mama ya usharika mmoja wa Kilutheri kule Mbeya, akina mama ishirini na wawili. Mweka hazina wao alikuwa Mama Neema, mwanamke mwenye sauti ya kwanza kanisani na sauti ya kwanza kwenye kila jambo lingine. Alikuja ofisini na bahasha ya michango, nyembamba kuliko nilivyopenda. Nyuma yake aliingia bibi mmoja kashikwa mkono, akakaa kwenye benchi, akavua viatu kana kwamba yuko kwake. Huyo ndiye Bibi Tusajigwe, sauti ya pili, miaka sabini na kitu.

Bibi Tusajigwe alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka taratibu. Mwanga wa asubuhi ukiwa mzuri aliona watu na sura zao. Jua likizama aliona weusi tu. Alikuwa ameuza maparachichi misimu miwili kupata mchango wake wa safari, na alitaka nijue kwa nini.

"Mume wangu Mwaipopo alikuwa anaendesha greda kule hifadhini, wakichonga barabara," akaniambia. "Krismasi moja hakuja. Mchele umepikwa, kuku amechinjwa, watoto wamevaa. Akatuma salamu: tembo alisimama barabarani, gari likashindwa kupita, basi la Mbeya likamwacha. Nikasema sawa. Krismasi ya pili hakuja. Tembo tena."

"Na baadaye?"

"Na ya tatu pia hakuja. Ya tatu tuiache kwanza." Akanyoosha kanga yake magotini. "Majirani walinicheka, mwanangu. Walisema huyo tembo anavaa kitenge na kusuka nywele. Mwaipopo alikufa bado nimemnunia. Sasa nataka nimwone huyo mnyama kwa macho yangu, nijue kama kweli anaweza kumzuia mwanaume asirudi kwake Krismasi. Macho yakizima sitajua tena."

Mama Neema akatazama dari. Mzee Sanga, aliyekuwa mlangoni akingoja funguo, akavua kofia.

Niliguswa, sitawaficha. Na nikiguswa huwa napunguza bei, ndilo kosa langu. Bahasha haikutosha hosteli ya ndani. Lakini Mama Neema alikuwa anafahamiana na mchungaji wa usharika mdogo karibu na geti, akampigia pale pale, na mchungaji akasema karibuni sana, nyumba ya wageni ipo, ni bure. Nikafungua daftari. Upande wa NJE, kwenye mstari wa malazi, nikaandika BURE, kwa herufi kubwa, nikalipigia mistari miwili chini. Tunatoka Mbeya Jumamosi alfajiri, tunalala kwa mchungaji, saa kumi na mbili asubuhi tuko getini. Asubuhi nzima ya Mzee Sanga naipata bila kulipia kitanda hata kimoja. Nilijiona nimewashinda wote, pamoja na Mzee Sanga.

"Umeangalia kalenda, dada?" akaniuliza yeye pale mlangoni.

"Nimeangalia."

Na kweli nilikuwa nimeangalia. Niliangalia kama mvua zimeisha.

Tulifika kijijini Jumamosi jioni tumegeuka rangi ya udongo. Wenyeji, Wahehe wakarimu, wakatupokea kwa kamwene, salamu yao ya mikono miwili, maji ya kuoga ya moto, ugali na kuku wa kienyeji. Nakula huku nahesabu akilini: malazi bure, chakula bure. Baada ya sala ya jioni mchungaji akasimama, uso wote furaha. "Kesho ibada ni saa tatu. Na wageni wetu watatuongoza kwa nyimbo."

Nikanyoosha kidole. Nilitaka kueleza kwamba saa kumi na moja alfajiri tutakuwa tumeshaondoka. Mama Neema akanitazama kabla sijafungua mdomo.

"Tulale kwenye nyumba ya Bwana," akasema polepole, "tule kuku wa washarika, halafu Jumapili asubuhi kwaya nzima itoroke?"

Nikarudisha kidole. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulipewa siku ile ile, na jembe la kwaya ni wimbo. Nilimtafuta Mzee Sanga kwa macho. Alikuwa amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, akiisoma kwa makini sana.

Ibada ilikuwa nzuri, hilo nalikiri. Waliimba nyimbo nne, wakaombwa ya tano, wakaombwa ya kwanza tena. Mahubiri yalikuwa juu ya subira. Saa tano na nusu tukatoka nje, nikamwashiria Mzee Sanga awashe gari, ndipo nikamwona mzee wa kanisa amepanda kwenye kiti ameshika jogoo.

Kwa wenzangu msiokaa na Walutheri wa vijijini: siku ya Jumapili mtu asiye na noti huleta sadaka ya alichonacho, mayai, boga, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa pale nje. Kila anayeongeza dau anamtolea Mungu, kwa hiyo hakuna anayekatazwa kuongeza. Trei la mayai lilifika bei ya kuku, likawa letu. Jogoo akafika bei ya mbuzi, naye akawa wetu. Halafu akaletwa mbuzi mwenyewe, beberu mweupe mwenye ndevu, na wenyeji wakapandisha dau. Mzee wa kanisa akatuangalia kwa huruma. "Naona wageni wetu wa Mbeya wamechoka na safari."

Ndugu zangu, msimwambie Mnyakyusa kwamba amechoka mbele za watu. Mama Neema akapandisha. Wenyeji wakapandisha. Mama Neema akatoa bahasha, akapandisha bila hata kusikiliza walichosema wenzake. Nilimvuta kitenge kwa nyuma, akaupiga mkono wangu kama anaua mbu. Mbuzi alipoangukia kwetu kwaya nzima ilipiga vigelegele, na chakula cha mchana pamoja na malazi ya Iringa ya siku ya kurudi vikawa vimekwisha. Ilikuwa saa saba.

Bibi Tusajigwe alikuwa amekaa ndani ya Kosta muda wote huo, kiti cha mbele dirishani, mikono juu ya mkoba wake. "Tunakwenda sasa?" akaniuliza nilipopanda. Nikamwambia tunakwenda, bibi. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri.

Getini tulifika saa nane. Askari wa hifadhi, kijana mstaarabu, akachungulia ndani akawasalimu akina mama, akamsikia mbuzi. "Mama zangu, mbuzi haingii." Mama Neema akamweleza kwamba mbuzi huyu ni sadaka. Askari akasema hata sadaka haingii, wala kuku. Tukampakia mbuzi kwenye bodaboda pamoja na jogoo, wakarudi kwa mchungaji. Nauli ya mbuzi nililipa mimi. Nasikia Jumapili iliyofuata alinadiwa tena.

Na kuna jambo lingine la kazi mliandike. Mbung'o wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Ukimpeleka mtu hifadhini mwambie avae rangi ya vumbi. Mimi nilikuwa naingia na akina mama ishirini na wawili waliotoka ibadani moja kwa moja, wote ndani ya sare mpya ya kitenge cha bluu iliyokolea. Mbung'o walitupokea kwa kamwene zao. Waliingia kwa madirisha, tulipofunga madirisha tukaiva kwa joto, tulipofungua wakarudi na ndugu zao. Sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu wote walikuwa wanajipiga makofi mapajani, na nje hakuna mnyama. Jua la saa tisa. Miti, vumbi, swala watatu wamelala kivulini wakitushangaa.

Saa kumi hivi tukamwona twiga, karibu kabisa na barabara. Nikamgusa bibi begani, akageuza shingo, akamwona, maana mwanga ulikuwa bado upo. Twiga akatuangalia kidogo, akakimbia na ile mikimbio yake ya kuogelea, akapotea. Bibi Tusajigwe akabaki anatazama pale alipokuwa.

"Huyu anakimbia watu?"

"Twiga ni mwoga, bibi," Mzee Sanga akamjibu. "Ukipiga honi tu, kaenda."

"Aha," akasema, akakaza midomo.

Tembo tuliwapata tukiwa tumekata tamaa, tunarudi getini, jua limeshaingia nyuma ya vilima. Kundi zima, wakubwa na wadogo, limesimama barabarani. Mzee Sanga akazima injini. Akina mama wakasahau mbung'o, wakashikana mikono, wakaanza kunong'ona majina ya Bwana. Tembo mkubwa alikuwa karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua.

"Wako wapi?" Bibi Tusajigwe akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akasogeza uso mpaka paji likagusa kioo. Nikamwonyesha tena, nikamshika kichwa nikakielekeza.

"Naona giza tu, mwanangu."

Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena katika kazi yangu. Maparachichi ya misimu miwili, na macho ambayo yasingengoja msimu wa tatu, na mimi nimeiuza asubuhi yake kwa neno BURE lenye mistari miwili. Yeye ndiye alinipigapiga mkono kunituliza. "Basi, si nimewasikia," akasema. Nililia pale pale kwenye kiti cha kondakta, na mbung'o akaniuma shingoni nikilia.

Tembo hawakuwa na haraka. Walipoamua kuondoka, muda wa kutembea na gari ndani ya hifadhi ulikuwa umekwisha na geti lilikuwa mbali. Mzee Sanga akasema, "Kutoka leo hakuna," akageuza Kosta kuelekea hosteli. Kwa bahati vitanda vilikuwepo. Malipo yalikuwa kwa simu, na bahasha ya kwaya ilikuwa imebaki na risiti ya mayai. Kwenye simu yangu kulikuwa na pesa ya mabati ya chumba cha uani hapa Ipogolo, niliyoidunduliza mwaka mzima. Nikalipia vitanda ishirini na vinne. Cha dereva nilikiandika kwanza. Chakula kilikuwa yale mayai ya mnada, ambayo nawahakikishia ndiyo mayai ghali kuliko yote niliyowahi kula.

Asubuhi nilitoka kunawa uso, kwenye saa kumi na mbili na nusu. Jua lilikuwa linapanda, hewa safi, kila jani linaonekana. Kati ya baraza ya hosteli na Kosta letu, kwenye kinjia chenyewe, alikuwa amesimama tembo dume peke yake, anavunja matawi na kula.

Nilirudi ndani nikidhani nitamwamsha Bibi Tusajigwe. Nilimkuta amekaa kitandani, ameshavaa, mkoba mapajani. Nikamshika mkono, tukatoka. Mhudumu wa hosteli akatuletea kiti cha plastiki, akatuonya tusishuke barazani na tusipaze sauti. Nikamkalisha. Umbali ulikuwa kama wa kutoka madhabahuni hadi mlango wa kanisa.

Hakuuliza yuko wapi. Alimwangalia kuanzia juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. "Masikio yale," akasema. Baadaye akasema, "Magoti yake yana makunyanzi kama yangu." Wanakwaya wenzake wakatoka mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake. Nikamletea chai, akainywa bila kuitazama.

Ikapita saa nzima. Tembo anakula. Mama Neema alitaka kwenda chooni, na choo kilikuwa upande wa pili wa tembo. Nikamwambia mahubiri ya jana yalikuwa juu ya subira. Ikakaribia saa ya pili. Vifurushi vimefungwa, watu wamesimama, safari ya Mbeya ndefu, na tembo amehamia tawi lingine lakini miguu iko pale pale.

"Mzee Sanga," bibi akaita kwa sauti ya chini. "Huyu hapigiwi honi?"

"Hapana, bibi. Ukimpigia anakuja kuuliza."

"Na mtu akiwa na greda? Greda si kubwa?"

"Hata greda. Unazima injini, unangoja mpaka apende mwenyewe."

"Hata kama ni Krismasi?"

Mzee Sanga akafikiri. Mimi sijawahi kumwona akichagua maneno kwa uangalifu hivyo. "Bibi, yeye hana kalenda," akasema, akanitupia jicho mimi.

Mabega ya Bibi Tusajigwe yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainama kumshika. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, vyote pamoja, kaziba mdomo kwa kanga ili asimkwaze mnyama. "Kumbe Mwaipopo wangu hakunidanganya," akasema. "Miaka yote hiyo nimemnunia marehemu bure." Kisha akamwinamia tembo kidogo kichwa, akamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa. Tembo akamaliza tawi lake, akaondoka alipopenda.

Niliporudi ofisini, bosi wangu Mzee Salim alivaa miwani akausoma ukurasa wa safari ile mara mbili. Alikuwa mtu wa asili ya pwani, mpole, hakuwahi kunifokea. "Bibie," akasema, "hapa umeandika bure kwa mistari miwili. Bure gani hii yenye jumla?" Nikamweleza. Akafunga daftari, akatoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Sikuidai kwaya. Kosa lilikuwa langu, na chumba cha uani kilikaa mwaka mwingine kikitazama mawingu. Lakini kila msimu wa maparachichi kiroba kilishushwa ofisini, bila jina, na aliyekishusha alivaa sare ya bluu.

Kwa hiyo Upendo, waulize hao walimu wako wanakwenda kuona nini, na wakione saa ngapi. Wakitaka kupiga picha na geti, walale nje, ni nusu bei kweli. Wakitaka wanyama, waambie wapunguze siku moja, walale ndani usiku mmoja tu, waingie mchana na kutoka kesho yake kabla ya saa ile ile, kibali ni kimoja. Usisahau dereva. Sare wafungie kwenye mabegi. Na ukipewa kitanda cha bure, uliza kwanza kesho ni siku gani.

Kabla sijahama Mbeya kuja huku kustaafia, nilikwenda kumuaga Bibi Tusajigwe. Macho yalikuwa yamezima kabisa. Alinijua kwa hatua, akaagiza niletewe ndizi na maziwa, halafu akanisimulia habari za tembo kuanzia masikio hadi magoti, kana kwamba mimi sikuwepo. Alikuwa anaongea amegeukia dirishani, ambako jua lilikuwa linaingia.

Nilipofika mlangoni nikakumbuka. "Bibi, ile Krismasi ya tatu uliniambia tuiache kwanza. Mzee alituma salamu gani?"

Akakaza midomo, vile vile kama siku ile ndani ya Kosta.

"Alisema amezuiwa na twiga."

Yeye akainua kikombe chake cha maziwa, akanywa, akakirudisha mezani bila kupapasa.

"Hiyo nitamuuliza mwenyewe nikifika," akasema.